Ushirikiano wa michezo wa nchi za Kireno uanzie kwa vijana na walimu wao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu, na ambalo naona sasa limepata wakati wake. Oktoba 13, 2025 timu ya taifa ya Cape Verde iliifunga Eswatini mabao 3-0 mjini Praia na kufuzu kwa mara ya kwanza fainali za Kombe la Dunia, ikiiacha Cameroon nyuma yake katika kundi. Visiwa hivyo vina watu waliozidi nusu milioni kidogo tu. Kurasa za michezo zilijaa pongezi, nami nilifurahi pamoja na wote waliofurahi. Lakini katika makala nyingi nilizosoma, maelezo yaliishia kwa wachezaji waliozaliwa ughaibuni, kana kwamba ilitosha kuwa na ndugu Rotterdam, Lisbon na Paris ili timu ijijenge yenyewe.

Haikujijenga. Mfano ni Roberto Lopes, beki wa kati aliyezaliwa Dublin, ambaye baba yake ni wa Cape Verde na mama yake ni wa Ireland. Kocha wa wakati ule, Mreno Rui Águas, alimwandikia kupitia mtandao wa LinkedIn kumwuliza kama angependa kuichezea nchi ya baba yake. Aliandika kwa Kireno. Lopes hakuijua lugha hiyo, akadhani ni miongoni mwa zile jumbe ovyo zinazotumwa kwa kila mtu, akaupuuza. Miezi mingi ilipita hadi kocha alipomwandikia tena, ndipo mchezaji akautafuta ule ujumbe wa kwanza, akautafsiri na kubaini alichokuwa ameitiwa. Wengi hukisimulia kisa hiki kwa kicheko. Mimi kinanifikirisha, kwa sababu lugha ileile iliyomwezesha kocha wa Ureno kufanya kazi Praia bila mkalimani nusura imkoseshe beki ambaye baadaye alikuwa nguzo ya timu. Kuwa na lugha moja hakutoshi kuitwa ushirikiano, iwapo hakuna watu waliopewa kazi ya kuitumia lugha hiyo kutafutana, kufundishana na kupokeana.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Kwa takriban miaka 30 nchi zinazotumia Kireno kama lugha rasmi zimekuwa na nia njema ya kushirikiana katika michezo, ila sehemu kubwa ya nguvu na sifa imekwenda kwenye matamasha ya wakubwa, ilhali kile ambacho nchi ndogo kati yao zinakihitaji zaidi, yaani mashindano ya vijana, walimu wenye ujuzi na vitabu vya mafunzo kwa lugha wanayoielewa, kimebaki pembeni kama mtoto wa kambo.

Tuanze na matamasha. Juni 2004 kamati za Olimpiki za nchi hizo ziliunda chombo chao mjini Lisbon, kinachojulikana kwa kifupi cha Kireno kama ACOLOP, na matunda yake yakawa Michezo ya Lusofonia, yaani ya nchi na maeneo yenye uhusiano na lugha ya Kireno. Ya kwanza ilifanyika Macau Oktoba 2006, ya pili Lisbon Julai 2009, na ya tatu katika jimbo la Goa, India, Januari 2014. Ya nne ilipangiwa Msumbiji mwaka 2017. Haikufanyika, na tangu hapo Michezo hiyo haijafanyika tena.

Siwezi kuyadharau mashindano hayo, na kuna sababu moja ambayo wengi hawaijui. Macau, iliyokuwa chini ya Ureno, ilirudishwa China Desemba 1999, na kamati yake ya Olimpiki haitambuliwi na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, kwa hiyo mwanariadha wa Macau hawezi kuandamana katika Olimpiki chini ya bendera ya kwao hata akiwa hodari kiasi gani. Hushiriki Michezo ya Asia, lakini mlango wa Olimpiki umefungwa. Kwa kijana kama huyo, kushindana na Wabrazil na Waangola huku jina la Macau limeandikwa kifuani ni heshima ambayo haipati kwingine kwa urahisi. Isitoshe, Macau iliandaa kwa busara: ilitumia kumbi zilizokwisha kujengwa kwa ajili ya Michezo ya Asia ya Mashariki ya mwaka 2005, bila kulazimika kuanza upya.

Goa ilikwenda njia nyingine. Mashindano yalipangwa kufanyika Novemba 2013, viwanja vikawa havijakamilika, yakasogezwa hadi Januari. Yalipofanyika hatimaye, India ndiyo iliyoongoza kwa medali. Sina kinyongo na wanamichezo wa India, walishinda kwa haki. Lakini Goa iliacha kutawaliwa na Ureno Desemba 1961, na leo wanaokizungumza Kireno huko ni wachache mno. Sri Lanka nayo ni mwanachama mshiriki kwa sababu Wareno waliwahi kuitawala pwani yake karne nyingi zilizopita. Najiuliza kinachowaunganisha ni nini hasa. Kama ni kumbukumbu ya kutawaliwa na mkoloni mmoja, basi ni uzi mwembamba usioweza kubeba mzigo mzito. Kama ni lugha, basi lugha ina kazi nyingi katika michezo zaidi ya hotuba za ufunguzi, na kazi hizo zingeweza kufanywa hata katika miaka ambayo hakuna mwenge unaowashwa.

Kuhusu Msumbiji, wanaofuatilia habari za jirani yetu huyu wa ng'ambo ya Ruvuma watakumbuka kwamba mwaka 2016 ilibainika serikali ilikuwa imedhamini mikopo ya siri, na Shirika la Fedha la Kimataifa pamoja na wafadhili wengine wakasitisha misaada yao ya bajeti. Katika hali hiyo, kuitaka nchi iandae tamasha la mabara manne ilikuwa ni kuitwisha zigo lisilobebeka. Hata hivyo, Maputo haikuwa mikono mitupu. Mwaka 2011, baada ya Zambia kujiondoa, ilikuwa imeandaa Michezo ya Afrika, na uwanja mkubwa wa Zimpeto ulikuwapo. Laiti nchi wanachama zingekubaliana mapema kwamba mwenyeji hajengi kitu kipya, kwamba idadi ya michezo ipunguzwe na kwamba nauli zichangiwe kwa kadiri ya uwezo wa kila nchi, huenda tusingezungumzia leo mashindano yaliyozimika.

Nimetaja nauli kwa makusudi. Ukichukua ramani utaona jambo la kushangaza: kati ya nchi tisa za Jumuiya ya Nchi za Lugha ya Kireno, CPLP, iliyoundwa Lisbon Julai 17, 1996, hakuna hata mbili zinazopakana kwa nchi kavu. Ureno jirani yake ni Hispania. Angola na Msumbiji ziko katika pwani mbili tofauti za bara moja. Guinea-Bissau iko kati ya Senegal na Guinea, Timor ya Mashariki inapakana na Indonesia, na Guinea ya Ikweta, iliyojiunga mwaka 2014, iko kati ya Cameroon na Gabon. Cape Verde na São Tomé na Príncipe ni visiwa vitupu. Hakuna timu ya vijana ya nchi moja inayoweza kupanda basi asubuhi ikacheza na timu ya nchi nyingine jioni na kurudi nyumbani. Kila mechi ni tiketi ya ndege, na mara nyingi ni ndege mbili au tatu. Nauli ndiyo inayoamua ni nani atacheza, na anayebaki nyumbani siku zote ni yule wa nchi maskini. Brazil ina watu zaidi ya milioni 200. São Tomé na Príncipe ina watu wapatao laki mbili na ushei. Kuziambia nchi mbili kama hizo kila moja ijigharamie ni kuifungia moja mlango kwa lugha ya adabu.

Pamoja na ugumu huo, kuna mashindano ambayo yamedumu, na ndiyo sababu hasa ya kuandika barua hii. Michezo ya vijana ya nchi za CPLP ilianza mwaka 1992, kabla hata Jumuiya yenyewe haijazaliwa, na huwakutanisha vijana wengi wao wakiwa na umri usiozidi miaka 16. Imepita Rio de Janeiro mwaka 2008, Maputo 2010, Mafra nchini Ureno 2012, Luanda 2014, kisiwa cha Sal huko Cape Verde 2016, na São Tomé 2018. Angalia miji hiyo. São Tomé isingeweza hata siku moja kuota kuandaa Michezo ya Lusofonia, lakini iliweza kuwapokea vijana wa mpira wa miguu, riadha na michezo mingine, wakiwemo wanariadha wenye ulemavu ambao wamepewa nafasi yao katika ratiba. Hayatangazwi sana, hayana nyota wa kuuza tiketi, na pengine ndiyo maana yameishi: hayakuwahi kuwa makubwa kuliko mwenyeji wake.

Kijana wa miaka 15 aliyetoka Príncipe akakimbia mita 800 dhidi ya kijana wa São Paulo amejua jambo ambalo mwalimu wake asingeweza kumweleza kwa maneno. Amejua mzunguko wa kwanza unapaswa kuwa wa kasi gani. Nilikuwa mwalimu wa riadha kwa miaka 27 na nimeliona hilo kwa macho yangu: mtoto aliyezoea kushinda wenzake wa kijijini kwa mita 40 hukimbia huku akiangalia nyuma, mpeleke mahali atakaposhindwa mara moja, akirudi hakimbii tena vile.

Sasa niruhusu nieleze habari ya walimu, maana bila wao hao vijana hurudi nyumbani na fulana tu. Miaka mingi iliyopita nilihudhuria kozi ya walimu wa riadha kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Aliyeketi kando yangu alitoka pwani ya kaskazini mwa Msumbiji, na kwa kuwa Kiswahili kinasikika huko tulielewana tangu siku ya kwanza. Kozi ilitolewa kwa Kiingereza, na vitabu vilikuwa vya Kiingereza na vingine vya Kifaransa. Yeye alisoma kwa Kireno maisha yake yote. Uwanjani alikuwa bora kuliko wengi wetu, jicho lake lilikuwa kali, aliona kosa la mguu kabla mrukaji hajatua. Darasani alinakili michoro bila maneno, kisha usiku akaiandikia majina kwa Kireno kwa kalamu ya risasi. Nakumbuka mchoro wa miruko mitatu: pale mguu unapogonga ubao aliandika "chamada". Nilimwuliza maana yake, akanieleza kwamba kwao hatua ile huitwa hivyo, na kwamba neno hilo maana yake pia ni mwito. Nililipenda neno hilo, nikalitumia kwa wanafunzi wangu hadi nilipostaafu. Mwishoni mwa kozi sisi tulipewa vyeti vya kufaulu, yeye akapewa cha kuhudhuria, kwa sababu mtihani wa maandishi ulimshinda. Naamini kilichomshinda kilikuwa karatasi, si riadha.

Uchungu wa kisa hicho unazidi ukikumbuka kwamba miruko mitatu ni mchezo ambao Kireno kina hazina yake kubwa. Mbrazil Adhemar Ferreira da Silva alitwaa dhahabu ya Olimpiki Helsinki mwaka 1952 na Melbourne 1956. Nelson Prudêncio akaleta fedha Mexico City 1968 na shaba Munich 1972. João Carlos de Oliveira aliruka mita 17.89 Mexico City mwaka 1975, na rekodi hiyo ya dunia ikadumu karibu miaka 10. Kisha Ureno ikaingia: Nelson Évora alishinda dhahabu Beijing 2008 kwa mita 17.67, na Patrícia Mamona, aliyezaliwa Lisbon kwa wazazi wa Angola, akapata fedha katika Olimpiki ya Tokyo. Simhesabu hapa Pedro Pichardo, bingwa wa Tokyo kwa upande wa wanaume, kwa sababu alikuja Ureno kutoka Cuba akiwa na mwalimu wake, ambaye ni baba yake. Hata bila yeye, ni lugha chache duniani ambazo zimefundisha mchezo huu kwa vizazi vingi kiasi hicho. Mwalimu wa Msumbiji alistahili kuipata elimu hiyo kwa lugha yake mwenyewe, kutoka São Paulo au Lisbon, na hakukuwa na aliyempelekea.

Najua yupo atakayesema kwamba Ureno tayari imewasaidia sana wanamichezo wa Afrika, na atataja majina. Majina yapo. Eusébio alikulia Mafalala, mtaa wa Maputo, na mwaka 1966 alifunga mabao 9 katika Kombe la Dunia huko Uingereza, Ureno ikashika nafasi ya tatu. Nahodha wa timu ile, Mário Coluna, alizaliwa Inhaca, kisiwa kilicho mbele ya jiji hilohilo. Lakini Msumbiji haikuwa na bendera yake hadi Juni 25, 1975, kwa hiyo hawakuwa na cha kuchagua. Jorge Fonseca, aliyezaliwa São Tomé na kuhamia Ureno akiwa mtoto, alikuwa bingwa wa dunia wa judo mwaka 2019 na 2021. Évora mwenyewe alizaliwa Abidjan kwa wazazi wa Cape Verde, akaishi Odivelas, nchini Ureno, tangu utotoni, akafundishwa na jirani yake, João Ganço, na hadi mwaka 2002 aliiwakilisha Cape Verde. Sioni wizi wowote hapo. Mtu huchezea pale alipolelewa na kufunzwa. Ninachokiona ni kwamba walimu, viwanja na madaktari wa michezo walikuwa upande mmoja wa bahari, na vipaji vikafuata. Njia imekuwa ya kwenda tu.

Msumbiji ina medali mbili za Olimpiki katika historia yake yote, zote za Maria de Lurdes Mutola: shaba ya Atlanta 1996 na dhahabu ya Sydney 2000 katika mita 800. Aligunduliwa akicheza mpira na wavulana mjini Maputo na mshairi José Craveirinha, ambaye alimshawishi aingie riadha, na mwanawe mshairi huyo, Stélio, akawa mwalimu wake wa kwanza. Akiwa na miaka 15 alikuwa tayari ameshiriki Olimpiki ya Seoul. Alipohitaji mahali pa kukua, ufadhili ulitoka kwenye mfuko wa mshikamano wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, na mahali palikuwa Oregon, Marekani. Nchi za lugha yake hazimo katika sehemu hiyo ya habari yake.

Upo pia ushirikiano wa jina tu, na ni hatari kuliko kutokuwepo kwake. Mwaka 2017 Shirikisho la Soka la Asia liliiadhibu Timor ya Mashariki na kuizuia kuwania Kombe la Asia la 2023, baada ya kubainika kuwa wachezaji 12 waliozaliwa Brazil walikuwa wameichezea kwa vyeti vya kughushi vya kuzaliwa au kubatizwa. Kila bao lililofungwa na watu wale lilikuwa nafasi iliyochukuliwa kutoka kwa kijana wa Dili. Kama Brazil ingepeleka walimu 12 badala ya wachezaji 12, Timor isingekuwa na aibu hiyo.

Tunajua inawezekana, kwa sababu kuna palipowezekana. Hoki ya viatu vya magurudumu ni mchezo unaopendwa sana Ureno, na ulibaki Angola na Msumbiji baada ya uhuru kwa sababu kulikuwa na vilabu, sakafu na watu wa kuufundisha. Mwaka 2011 Msumbiji ilishika nafasi ya nne duniani katika mchezo huo, na mwaka 2013 Luanda na Namibe ziliandaa Kombe la Dunia, la kwanza kufanyika Afrika. Katika soka, Mreno Pedro Gonçalves aliwafundisha kwanza vijana wa Angola, akawafikisha Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 nchini Brazil mwaka 2019, kisha akakabidhiwa timu ya wakubwa na kuifikisha robo fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwanzoni mwa 2024. Alianza chini, akakaa miaka, akapanda na vijana wake.

Kwa hiyo naomba wahusika wa michezo katika nchi hizo waanze na yale ambayo msingi wake umeshawekwa. Julai 2021, mjini Luanda, wakuu wa CPLP walitia saini mkataba wa kurahisisha watu wao kwenda na kuishi katika nchi wanachama. Mkataba huo utumike kwa walimu wa michezo kwanza: mwalimu wa Bissau akae mwaka mmoja na klabu ya Lisbon au Rio, na mwalimu wa huko aje Bissau akae mwaka mzima, asije kwa semina ya siku nne na picha ya pamoja. Michezo ya vijana iwe na mfuko wa nauli unaochangiwa zaidi na Brazil, Ureno na Angola, ili Timor na São Tomé zisikose kwa sababu ya tiketi. Vitabu vya mafunzo, vya uamuzi na vya kupinga dawa za kusisimua misuli vitafsiriwe mara moja kwa Kireno na kugawiwa kwa wote, na kwa kuwa watoto wengi wa Cape Verde, Guinea-Bissau na Timor huongea Krioli au Kitetum nyumbani, mwalimu aliyefunzwa kwa Kireno ndiye atakayewafikishia. Michezo ya Lusofonia ikifufuliwa, na ningependa ifufuliwe kwa ajili ya Macau kuliko kwa ajili ya yeyote mwingine, ifanyike katika viwanja vilivyopo tu.

Na kwako, Mhariri, nina ombi moja dogo. Michezo ya vijana ya nchi hizo itakapofanyika tena, gazeti lako litupe matokeo yake, hata kama ni mistari michache chini ya ukurasa wa mwisho, pamoja na majina ya watoto hao na ya walimu wao.

Ni mimi msomaji wako,
Mwalimu mstaafu wa riadha